Mashine ya kufulia na simu za roboti zilivyotaka kunifanya nitengwe na kijiji kizima huku Mbulu

Wakuu, salaam kwenu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Haya ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe. Siyo ya jirani, siyo ya "rafiki yangu mmoja". Majina nimebadilisha, mengine yote nimeyaacha kama yalivyo. Atakayeona ni chai, anywe taratibu, sisi tutaendelea.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati, kijiji kimoja huko juu kata ya Daudi, Mbulu. Kwetu ni Kigoma. Nilipangiwa kazi huku, nikaja na mke wangu Zuhura, tukapanga nyumba kwenye mteremko, jirani na mzee mmoja nitamwita Mzee Akonaay na mke wake Bibi Martina.

Huku baridi siyo ya mchezo. Maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Zuhura alipopata ujauzito mgongo ukaanza kumsumbua, akiinama kwenye beseni anainuka analia. Nikaenda Arusha nikachukua mashine ya kufulia ya mtumba.

Wakuu, ile mashine inafua vizuri kabisa. Ila kelele zake! Ikianza kukamua nguo inatetemeka, inanguruma, inatembea yenyewe kwenye sakafu ya uani kama inatafuta mlango. Tukiwasha, mimi na mke wangu tunaongea kwa mikono.

Majirani hawakuipenda tangu siku ya kwanza. Mama Paskali anayetuuzia maziwa aliniuliza mbele ya watu, "Daktari, mke wako hana mikono?" (Huku ukivaa koti jeupe tu wewe ni Daktari, usibishe.) Mwingine akasema kuku wake wameacha kutaga. Mzee Akonaay alisema ng'ombe wake wanashtuka.

Mimi nilikuwa nacheka tu. Niliona ni ushamba, nasema ukweli wangu. Mke wangu alikuwa ameacha kulia mgongo, mengine yote kwangu yalikuwa maneno.

Sasa jambo la pili, simu.

Nyie wenyewe mnazijua zile simu za kurekodiwa. Unapokea namba ngeni, kimya kidogo, halafu sauti ya dada inaanza, "Habari mpendwa mteja! Bonyeza moja..." Mimi zilikuwa zinanipigia niko na mgonjwa, niko msalani, niko kwenye ibada. Nimeblock mpaka nimechoka, zinakuja na namba nyingine.

Nikajitungia kanuni. Namba ngeni napokea, maana kazi yangu ni ya watu na siwezi kuzima. Lakini sisemi kitu. Nimegundua lile roboti ukisema "haloo" tu ndipo linaanza. Ukikaa kimya, na lenyewe linakaa kimya, unalikatia. Nilijiona mjanja sana.

Tukio lenyewe sasa.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa kupanda, watu wengi wako mashambani bondeni. Ukungu umeshuka mpaka kwenye uzio. Mimi niko off, Zuhura amelala ndani, nikasema leo nafua mashuka mimi. Nikawasha mashine.

Simu ikaita. Namba ngeni. Nikapokea, nikaziba sikio la pili kwa kidole, nikanyamaza kama kawaida yangu. Kimya. Nikakata.

Ikaita tena, namba ileile. Nikapokea, nikasubiri. Kimya. Nikakata.

Ya tatu sikupokea hata kidogo. Nilikata, nikaweka silent, nikaendelea na mashuka yangu. Nakumbuka nilitukana kidogo.

Nilikuwa nakamua shuka moja kwa mkono, mengine bado yanazunguka kwenye mashine, nilipoona watu wanatokea kwenye ukungu, njia inayopita mbele ya uzio wetu. Wanaume wanne wamebeba kitanda cha kamba mabegani, wengine nyuma yao wamejaa tope mpaka magotini. Juu ya kitanda kuna mtu amefunikwa blanketi. Nyuma kabisa Mzee Akonaay, hana kofia, hana fimbo.

Walinipita karibu kabisa. Hakuna aliyenisalimia. Mmoja tu aligeuza uso, akaniangalia mimi, akaangalia mashine inavyonguruma, akaangalia mbele.

Nilizima mashine nikawakimbilia. Nikauliza nani, kuna nini, mimi ni tabibu jamani, mwekeni chini nimwone. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye alikuwa mmoja wa wabebaji, alinijibu bila kusimama: "Daktari, rudi kwenye nguo zako."

Nilibaki njiani mpaka ukungu ukawafunika.

Baadaye ndipo nilipojua. Bibi Martina aliingia bandani kumpa majani ng'ombe aliyezaa juzijuzi. Ng'ombe mwenye ndama mchanga ni mkali. Alimbana ukutani, bibi akaanguka, nyonga ikavunjika, na ng'ombe akabaki amesimama juu yake. Mzee peke yake hakuweza kumtoa.

Akapiga yowe.

Hapa niwaeleweshe wale wa mijini. Huku yowe ni jambo zito. Likipigwa, unaacha jembe, unaacha chakula, unakwenda. Mwenye nyumba anayesikia yowe akakaa ndani, wazee wanamwita, na wakiona ni kusudi anatengwa. Kutengwa maana yake hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia wala kukuazima kitu, ukifiwa unazika na familia yako. Siyo hadithi ya zamani, watu huku wanakutajia nyumba zilizowahi kupata adhabu hiyo.

Yowe la Mzee Akonaay lilisikika mpaka bondeni. Watu walipanda mlima wakikimbia. Nyumba iliyokuwa jirani kuliko zote, tena ya mtu wa hospitali, haikutoka.

Na zile simu tatu zilikuwa zake. Namba yangu alikuwa ameipata kwa Bibi, ambaye nilimwandikia siku moja alipokuja zahanati. Mimi ya kwake sikuwa nayo.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye kikao. Kilifanyika kwenye darasa la chekechea la kanisa, wazee wamekaa kwenye vile vibenchi vya watoto, magoti yamefika kifuani. Siku nyingine ningecheka. Siku hiyo hapana.

Nilitoa shikamoo. Waliitika wachache, kwa shingo upande.

Waliongea Kiiraqw muda mrefu. Mimi sijui zaidi ya salamu na "unaumwa wapi", nikawa nasoma nyuso tu. Kisha Mwenyekiti akamwambia mzee aseme kwa Kiswahili ili na mimi nisikie.

Mzee Akonaay alisimama. "Nilipiga yowe. Watu wa bondeni walisikia. Daktari hakutoka. Nikampigia simu. Akapokea, akanyamaza. Nikampigia tena. Akapokea, akanyamaza. Ya tatu akanikatia. Mimi nimemaliza."

Akakaa.

Nikaeleza mashine. Nikaeleza roboti. Nilipoeleza nilijisikia mwenyewe ninavyofanana na mwongo. Mzee mmoja wa pembeni akauliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo wewe ukipigiwa simu unapokea ili unyamaze?"

Hasira zikanipanda, wakuu. Mimi nina ulimi mbaya nikibanwa. Nikamgeukia Mzee Akonaay: "Na wewe mzee mbona hukusema kitu? Mkeo yuko chini ya ng'ombe, umepiga simu, unanyamazia nini?"



Mzee hakupandisha sauti. "Nilikuwa nasubiri uniamkie. Mtu akibisha hodi anasubiri mwenye nyumba aitike. Ulitaka nikupe mimi shikamoo?"

Mwenyekiti akasema, "Daktari, kaa chini."

Nikakaa, lakini sikukoma. Nikaomba wafanye jaribio: mashine iwashwe kwangu, mtu apige yowe kwa mzee, waone kama mtu aliye uani anasikia. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Walinung'unika wote kwa pamoja. Mwenyekiti alinijibu, "Unataka tupige yowe la uongo? Watu waache mashamba, wapande mlima wakikimbia, waje kutazama mashine yako inavyofua?"



Wakaamua kwamba aliyeumia ni Bibi Martina, neno la mwisho ni lake, na bado yuko hospitali Mbulu mjini. Mpaka atakaposema, nyumba yangu "iachwe kwanza".

Iachwe kwanza. Nyie semeni ni maneno madogo.

Mama Paskali alipita na ndoo yake ya maziwa bila kusimama. Zuhura akifika bombani, wanawake wanasogeza madumu yao, anabaki na nafasi kubwa yake peke yake. Zahanati walikuwa wanakuja, maana ugonjwa haungoji kikao. Wanaeleza wanapoumwa, wanachukua dawa, wanaondoka. Nikisalimia wanaangalia sakafu.

Mimi ningevumilia. Nilikuwa namwogopea Zuhura.

Ujauzito ulikuwa umeshafika mbali, wa kwanza, na presha yake ilikuwa inapanda na kushuka. Barabara yetu mvua ikinyesha gari halipandi. Mjamzito akibanwa hapa, anabebwa na watu mpaka barabara kubwa. Watu ndio gari lenyewe. Na watu walikuwa hawatusalimii.

Asubuhi moja nilimkuta anapanga nguo kwenye begi. Nikamuuliza anakwenda wapi. "Kigoma," akasema. "Mimi sizai kwenye kijiji ambacho nikianza kutoka damu hakuna wa kunibeba."

Kama tabibu nilijua safari ile ya mabasi kwa hali yake ni hatari. Kama mume nilijua anasema kweli. Nilikaa kitandani pembeni ya lile begi.

Yeye ndiye aliyesema, "Kabla sijaondoka, nipeleke kwa huyo bibi. Nimwombe msamaha kwa mdomo wangu."

Tukaenda Mbulu mjini.

Bibi Martina tulimkuta wodini, mguu umefungwa, amekonda. Nilitoa shikamoo kama mara tatu, naogopa asipoitika. Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Zuhura akapiga magoti pale pale na tumbo lake.

Bibi akamwambia ainuke, sakafu ina baridi. Kisha akaniangalia.

"Nilikuwa naisikia mashine yenu," akasema. "Nimelala chini, ng'ombe yuko juu yangu, naisikia inanguruma. Nikasema moyoni, Mungu asante, Daktari yupo nyumbani."

Nilitoka nikashika ukuta wa nje ya wodi, nikalia kama mtoto. Nimeona watu wengi wakifa kazini kwangu, hakuna kilichowahi kuniuma kama maneno yale. Alikuwa anaisikia mashine yangu kama matumaini, na mimi niko pembeni yake nakamua shuka.

Niliporudi, alikuwa ameshika mkono wa Zuhura. Nikamwambia, "Bibi, naapa sikusikia yowe."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Mzee wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa banda anapiga kelele. Mimi niko ndani, namwona mdomo unafunguka, sauti yake inanijia nusu nusu kwa ajili ya hiyo mashine. Sisi tuko mbali nayo. Wewe uliyesimama pembeni yake ungesikia nini?"

Nikauliza na simu je. Hapo akacheka mpaka akashika nyonga kwa maumivu. "Yule hajawahi kuanza kusema kwenye simu maisha yake yote. Watoto wetu walioko Babati wakiona namba yake wanatoa shikamoo kabla hajapumua. Ila hilo mtamalizana wenyewe, mimi simo."

Zuhura hakusema ataenda Kigoma wala hataenda. Tuliporudi nyumbani, begi liliendelea kukaa kitandani limefungwa.

Kikao cha pili kilikuja, darasa lilelile, vibenchi vilevile. Nilijua hatma yetu iko mdomoni mwa Mzee Akonaay, maana ndiye aliyetoka kumwona mkewe. Angeweza kupunguza neno, angeweza kuongeza, na hakuna ambaye angejua.

Alisimama akasema yote. Kwamba mke wake amesema mashine ilifunika yowe, na kwamba Daktari hakusikia. Aliyasema kama mtu anayemeza dawa chungu, lakini hakupunguza hata moja. Mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Nikadhani amemaliza. Akanigeukia.

"Hiyo roboti uliyosema. Ni yule binti?"

"Binti gani, mzee?"

"Yule anayepiga mchana. Hana shikamoo. Mimi nasubiri aniamkie, yeye anaanza tu, bonyeza moja, bonyeza mbili."

Watu wakaanza kucheka chini chini. Mzee hakucheka. "Namkatia kila siku. Nimemwambia hata katekista, kuna mtoto wa mtu huko mjini amekosa malezi."

"Mzee, yule siyo mtu," nikasema. "Ni sauti imerekodiwa. Ni mashine inapiga."

Akaitoa simu yake mfukoni, akaitazama. Mwenyekiti naye akakiri kwamba yeye huwa anamjibu, anamwambia asante, anamuaga kwa heshima. Mama Paskali, aliyekuwa mlangoni na wanawake wenzake, akasema yeye huwa anagombana naye. Darasa likaangua kicheko, na mimi kwa mara ya kwanza tangu lile tukio nikajisikia nacheka na watu.

Mzee Akonaay akainua mkono, wakanyamaza.

"Kumbe wote tulikuwa tunamkatia huyo huyo," akasema. "Lakini Daktari, siku ile ulimkatia mke wangu."

Kicheko kilikufa. Nilisimama, nikamwomba msamaha mbele ya wote, bila kutaja roboti, bila kutaja mashine. Nilisema tu, "Mzee, nilitakiwa niseme neno moja kwenye simu, sikulisema. Nisamehe."

Wakarudi kwenye Kiiraqw. Safari hii haikuwa ndefu.

Mwenyekiti akatangaza. Nyumba yangu isiachwe. Mashine sitauza, kwa sababu mke wangu anaumwa mgongo na hilo sasa wamelijua, na ningewaambia mwanzo wasingesema maneno. Ila ikiwashwa, mimi au mtu wa nyumba yangu asimame nje ya uzio, mbali nayo, asikilize kwa niaba ya nyumba.

La mwisho alilisema Mzee Akonaay mwenyewe. Mtu akiwa na shida, akipiga simu, aseme moja kwa moja. Shikamoo itafuata baadaye.

Wakuu, kama hamjaishi na wazee wa huku hamwezi kujua hilo lilimgharimu kiasi gani yule mzee.

Basi tangu hapo kila Jumamosi Zuhura anawasha mashine, mimi nasimama njiani na koti langu kwenye ukungu kama mlinzi. Watu wakipita wananitania, "Daktari, unasikia?" Najibu, "Nasikia." Mama Paskali anauliza hata kama mashine imezimwa.

Mwezi uliofuata, mchana, mvua inamwagika, Zuhura akaanza kutoka damu kabla ya uchungu. Nikamwekea dripu. Nikatoka barazani, barabara yote ni tope, hakuna gari ambalo lingepanda. Yowe sijui hata linavyopigwa, na mvua juu ya bati ingelimeza. Nikampigia Mzee Akonaay. Nikabonyeza namba nyingine kwanza, nikakata, nikapiga tena.

Ikapokelewa. Nikavuta pumzi nitoe shikamoo.

Yeye akawahi kusema.

"Daktari, ni mama? Tunakuja."

Walikuja, wakuu. Mwenyekiti, mume wa Mama Paskali, vijana wa bondeni, na mzee mwenyewe mbele anaonyesha pa kukanyaga. Walimbeba mke wangu kwenye mvua ile mpaka barabara kubwa, wanapokezana, hakuna aliyeuliza kama nguo zake zitachafuka. Gari likatufikisha hospitali Mbulu mjini, na mama na mtoto wa kike wako salama. Begi la Kigoma Zuhura alilifungua mwenyewe, akatoa nguo za mtoto.

Nilichojifunza ni hiki tu. Nilikuwa naona kero za majirani kuhusu ile mashine ni ushamba, na naona kunyamaza kwenye simu ni ujanja. Kumbe nilikuwa nimejifungia mwenyewe, sisikii na sisikiki, halafu nakaa katikati ya watu najidanganya kwamba naishi nao. Siku hizi namba ngeni yoyote ikiita naanza kwa shikamoo. Yule dada wa kurekodiwa ameshaamkiwa na mimi mara nyingi kuliko mama yangu mzazi, na bado haitikii.

Haya, uwanja ni wenu. Wale mnaokaa na jenereta, blenda na masabufa mnaishije na majirani? Na zile simu za roboti mnazifanyaje bila kumkatia mtu mwenye shida? Matusi nayo nitayapokea, ila muanze na salamu.